Miezi Sita Ilitoka Wapi? Historia ya mazoezi ya dozi kubwa baada ya kiharusi, na maana yake kwa Isingiro

Msomaji, kuna sentensi ambayo familia nyingi zenye mtu aliyepata kiharusi zimeisikia, iwe hospitalini au kwa jirani: miezi sita ikishapita, mkono ambao haujarudi haurudi tena. Mara nyingi inasemwa kwa upole kabisa, ili watu wasiendelee kuuza mbuzi na kukodi magari bure. Lakini ina uzito wa hukumu. Ikishatamkwa, mazoezi yanakoma, mkono unafungwa kifuani, na mtu anahamishiwa kwenye kiti cha uani.

Leo tuulize swali la kihistoria: hiyo miezi sita nani aliihesabu? Alihesabu kwa nani, na akiwa anatafuta nini? Tukilijibu vizuri tutaona kwamba sayansi haikuwahi kusema kile tunachodhani imesema. Na kwa mtu anayeishi na kiharusi cha mwaka juzi huko Isingiro, tofauti hiyo si ndogo.

Isingiro ipi?

Tunasema Isingiro ya Kyerwa, mkoani Kagera. (Ng'ambo ya mpaka, Uganda nako kuna wilaya yenye jina hilo hilo, usichanganye.) Zamani eneo lote hili lilikuwa Karagwe, ni mwaka 2012 ndipo Kyerwa ilipomegwa ikawa wilaya yake. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage. Kazi karibu zote hapa zinataka mikono miwili: kukata mkungu, kumenya ndizi, kuchuma kahawa, kushika jembe, kushika usukani wa baiskeli. Mtu wa ofisini akipoteza mkono mmoja anaweza kujifunza kuandika kwa ule mwingine. Mkulima akipoteza mkono mmoja, shamba zima linaingia matatani.

Kiharusi chenyewe tukikumbushane kwa ufupi: mshipa wa damu wa ubongo unaziba au unapasuka, sehemu ya ubongo inakosa damu, na seli zake zinakufa. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, na kinyume chake, mtu anaamka mkono na mguu wa upande mmoja havimsikii. Chanzo kikubwa kwetu ni presha, yaani shinikizo la juu la damu, ambayo wengi tunatembea nayo bila kujua.

Ni kubwa kiasi gani? Mojawapo ya hesabu nzuri za Afrika nzima ilifanyika hapa hapa Tanzania. Kati ya 2003 na 2006, mradi ulioongozwa na daktari Richard Walker na wenzake wa Tanzania ulihesabu viharusi vipya kwa watu waliofahamika kwa sensa, Hai mkoani Kilimanjaro na Dar es Salaam. Walipolinganisha umri, Hai ilikuwa na viharusi vipya karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam karibu 316. Karibu mara tatu! Ufuatiliaji wa Hai ulionyesha pia kuwa ndani ya miaka mitatu zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Utafiti mwingine uliotokana na mradi huo, uliochapishwa 2008, uliuliza watu kiharusi kinatoka wapi. Ungetegemea watu wa mjini waseme presha na wa kijijini waseme mashetani, si ndiyo? Ilikuwa kinyume. Dar es Salaam ndiko walikotaja zaidi mashetani na uchawi. Hai vijijini walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Kwa hiyo tusidharau uelewa wa kijijini.

1915: swali linaulizwa, halafu linasahaulika

Sasa turudi nyuma. Juni 1915, majeshi ya Uingereza yalivuka Ziwa Victoria yakaishambulia Bukoba, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka huo huo, mbali sana na vita hivyo, mwanasaikolojia wa Marekani Shepherd Ivory Franz na wenzake walichapisha makala kwenye jarida la madaktari wa nchi hiyo. Swali lao lilikuwa hili: je, mtu aliyepooza upande mmoja kwa muda mrefu anaweza kurudisha mwendo? Sio wa wiki iliyopita. Wa muda mrefu.

Franz alifanya kazi katika hospitali kubwa ya magonjwa ya akili mjini Washington, ambamo waliishi watu waliopooza miaka mingi bila mtu kuwagusa. Alipowapa mazoezi ya kurudia-rudia, baadhi yao walianza kusogeza viungo vilivyokuwa vimehesabiwa kuwa vimekufa. Akaanza kushuku kwamba mengi tunayoyaita kupooza kwa kudumu ni hali ambayo haijashughulikiwa tu.

Mwaka 1917, yeye na Robert Ogden wakajaribu kwa nyani. Waliharibu sehemu ya ubongo inayoongoza mkono mmoja. Nyani walioachwa hivi hivi walibaki na mkono dhaifu. Wale waliofungwa mkono mzima na kulazimishwa kutumia ule dhaifu, pamoja na mazoezi, walipona kwa kiasi kikubwa ndani ya wiki chache.

Yaani jibu lilikuwepo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa nini halikushika?

Sababu moja ni mamlaka. Katika miaka hiyo hiyo, Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, mmoja wa wanasayansi wakubwa kabisa wa neva, alikuwa ameandika kwamba njia za neva katika ubongo wa mtu mzima zimekwisha kujengwa na hazizaliwi upya. Alikuwa sahihi kuhusu mengi, na aliacha mlango wazi kwa sayansi ya baadaye, lakini wengi walibeba nusu ya kwanza tu ya maneno yake. Ukiamini ubongo wa mtu mzima ni kama tofali lililokwisha kuchomwa, utampa mgonjwa fimbo na kumfundisha kuishi na upande mmoja. Ndivyo ilivyokuwa.

Hesabu ya wiki 12

Sasa tufike kwenye miezi yenyewe. Mwaka 1951 Thomas Twitchell wa Boston alieleza kwa makini jinsi mwendo unavyorudi baada ya kiharusi: kwanza mkono unalegea, kisha unakakamaa, kisha miondoko mikubwa ya bega na kiwiko, na mwisho vidole. Aliona kwamba mengi hutokea mapema.

Halafu ukaja utafiti mkubwa wa Copenhagen, Denmark, uliochapishwa 1995. Uliwafuata wagonjwa 1,197. Matokeo: asilimia 95 yao walifikia kiwango chao cha juu cha kujihudumia ndani ya wiki 12 na nusu. Ulikuwa utafiti mzuri na wa maana. Ulisaidia hospitali kupanga vitanda na kuwaambia ndugu nini cha kutegemea.

Lakini angalia kwa makini ulipima nini. Ulipima watu wanafika wapi *wakipata huduma ya kawaida ya hospitali*. Sasa, huduma ikiisha na mabadiliko yakiisha, huwezi kujua kwa hesabu hiyo pekee kama ubongo ndio uliochoka au huduma ndiyo iliyokoma. Ni sawa na kumwagilia mgomba wiki 12, ukaacha, ukaona hauongezeki, ukatangaza kwamba migomba hukua wiki 12 tu.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Maelezo ya yale yanayotokea kwa kawaida yakageuka kuwa sheria ya yale yanayowezekana. Yakapita mdomo kwa mdomo, kutoka kitabu cha Ulaya hadi wodi ya wilayani, pengine wiki 12 zikawa miezi mitatu, miezi mitatu ikawa sita, na mwisho ikawa "hairudi tena".

Nyani wa Silver Spring

Mtu aliyelifufua swali la Franz ni Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani. Alikata neva za hisia za mkono wa nyani, ili mkono usihisi kitu, ingawa neva za mwendo zilikuwa salama. Nyani aliacha kabisa kuutumia. Taub alipofunga mkono mzima, nyani akaanza kuutumia ule usio na hisia.

Kwa hiyo kuacha kuutumia hakukutokana na kushindwa tu. Nyani *alijifunza* kutoutumia. Siku za mwanzo alijaribu, akaanguka, chakula kikamdondoka. Akagundua mkono mzima unamalizia kazi. Baadaye, hata uwezo uliporudi kidogo, hakujaribu tena. Taub aliita hali hiyo kutotumia kulikotokana na kujifunza. Ukifikiria, utamkumbuka mtu unayemjua: mkono unaweza kushika kikombe akiombwa na daktari, lakini nyumbani haugusi kitu.

Hatuwezi kuipamba historia hii. Mwaka 1981 polisi waliingia kwenye maabara ya Taub huko Silver Spring, Maryland, baada ya mwanaharakati aliyejitolea kufanya kazi humo kutoa taarifa za hali mbaya ya wanyama. Kesi ikaenda mahakamani, na hukumu dhidi yake ikafutwa 1983. Kesi hiyo iliitikisa Marekani na kusukuma mbele sheria za kulinda wanyama wa maabara. Maarifa tunayoyatumia leo kwa binadamu yana deni hilo ndani yake.

Taub alihamia Alabama, akaanza kufanya kazi na watu. Mbinu yake: mkono mzima unavishwa glavu nene karibu muda wote wa kuwa macho, na mkono dhaifu unafanya kazi saa nyingi kila siku kwa wiki mbili. Jaribio kubwa la mbinu hiyo, lililochapishwa 2006 na Steven Wolf na wenzake, lilikuwa na watu 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla. Waliopata mazoezi hayo walitumia mkono vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, na tofauti ilibaki hata baada ya mwaka mmoja. Lakini zingatia sharti: wote walikuwa na uwezo kidogo wa kunyoosha kifundo cha mkono na vidole. Mkono uliolegea kabisa haukuwa ndani ya jaribio.

Katikati, mwaka 1996, Robert Nudo alionyesha kwa tumbili kwamba mazoezi baada ya jeraha hubadilisha ramani ya ubongo wenyewe: sehemu zilizo jirani na jeraha, ambazo bila mazoezi zingepoteza kazi ya mkono, ziliendelea nayo. Kumbe tofali halikuwa limechomwa.

Tatizo la dozi

Basi kama mazoezi yanafanya kazi, mbona wengi wanafanya mazoezi na hawaoni kitu? Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walikaa wakahesabu mgonjwa anarudia mwendo wa mkono mara ngapi katika kipindi kimoja cha tiba huko Amerika ya Kaskazini. Wastani: mara 32. Wanyama wa maabara walikuwa wanarudia mamia ya mara kwa siku. Fundi cherehani hajifunzi kushona kwa mishono 32.

Kituo kimoja cha London, Queen Square, kilijaribu kufuata mantiki hiyo hadi mwisho. Watu hupewa saa 90 za kazi ya mkono ndani ya wiki tatu. Matokeo ya watu 224 yalichapishwa 2019. Nusu yao walikuwa wamepita mwaka mmoja na nusu tangu kiharusi, yaani zamani sana kwa sheria ya miezi sita. Mikono yao iliboreka, na miezi sita baadaye maboresho yalikuwa bado yapo.

Piga hesabu kidogo. Mtu akipata nusu saa ya fiziotherapia mara moja kwa mwezi, atahitaji miaka 15 kufikisha saa 90. Hiyo ndiyo tofauti ya dozi tunayoizungumzia.

Lakini tusikimbie. Sayansi ina breki zake, na hapa ziko tatu.

Kwanza, kundi la Queen Square halikulinganishwa na kundi jingine lisilopata mazoezi, na watu walichaguliwa. Ni ushahidi wa kutia moyo, si wa mwisho.

Pili, Lang huyo huyo mwaka 2016 alichapisha jaribio la watu 85 wenye kiharusi cha muda mrefu. Aliwagawia marudio 3,200, au 6,400, au 9,600. Waliorudia zaidi hawakupona zaidi. Inawezekana wingi peke yake hautoshi. Pengine kazi yenyewe iwe ya maana kwa mtu, iongezwe ugumu polepole, na awepo wa kumrekebisha. Au saa zote hizo bado zilikuwa chache. Wanasayansi bado wanabishana.

Tatu, muda una maana. Jaribio liitwalo AVERT, la watu 2,104, lililochapishwa 2015, liliwainua wagonjwa kitandani mapema sana na kwa wingi, ndani ya saa 24 tangu kiharusi. Wakafanya *vibaya* zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo dozi kubwa si kwa siku ya kwanza. Tunazungumzia watu ambao hali yao imetulia.

Barabara ya pili: nyumbani

Utasema: saa 90 London ni sawa, lakini Isingiro? Hospitali ya rufaa ya kanda ya Bugando iko Mwanza, upande wa pili wa ziwa. Nani atamwacha mgonjwa huko wiki tatu, na nani atalima?

Historia ina jibu la nusu. Septemba 1978, nchi za dunia zilikutana Alma-Ata zikakubaliana kuhusu afya ya msingi: huduma ianzie pale watu wanapoishi. (Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na mkoa ukawa na mambo mengine ya kuwaza.) Kutokana na wazo hilo, Shirika la Afya Duniani likaandaa miongozo ya utengamao kwa msingi wa jamii, ikiongozwa na Einar Helander na wenzake, ambayo toleo lake kamili lilitoka 1989. Utengamao ni neno letu la kazi yote ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake baada ya ugonjwa au jeraha. Wazo: mtaalamu amfundishe ndugu, na ndugu afanye kazi ya kila siku.

Wazo hilo lilifika kwetu mapema. Dar es Salaam lilizaa CCBRT mwaka 1994. Na Karagwe wana shirika lao, KCBRP, ambalo jina lake limebeba utengamao wa kijamii ndani yake. Hospitali ya Nyakahanga ya Kilutheri na Hospitali ya Isingiro ndizo ambazo watu wa pande hizi wamezizoea kwa vizazi.

Je, ndugu anatosha? India walijaribu. Jaribio la ATTEND, la watu 1,250 katika hospitali 14, lilichapishwa 2017. Ndugu walifundishwa wakaenda kufanya mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita, hakukuwa na tofauti na wale ambao ndugu zao hawakufundishwa. Inauma, lakini ndiyo matokeo. Ila soma kiini chake: familia ilifundishwa, kisha sehemu kubwa ya kazi ya kila siku nyumbani ikawa yake. Somo tunalolichukua ni kwamba huwezi kuitupia familia kazi ya mtaalamu halafu ukaita huo ni mpango. Hapo kuna mzigo pia, na mara nyingi unamwangukia mke, binti au mkwe, ambaye tayari ana shamba, watoto na kuni.

Kwa hiyo Isingiro ifanye nini?

Ukiweka vipande vyote pamoja, unapata kitu ambacho hakijajaribiwa vya kutosha lakini kina mantiki: mtaalamu wa kukagua na kuongeza ugumu, hata kama ni mara chache lakini kwa ratiba, familia iliyofundishwa na kufuatiliwa, na mazoezi yanayotokana na kazi halisi ya mahali. London wanatumia vikombe na vigingi vya plastiki. Kyerwa kuna kuchambua maharage kwenye ungo, kugeuza kahawa kwenye mkeka, kukunja kanga, kushikilia ndizi kwa mkono dhaifu wakati ule mzima unamenya. Maharage kwenye ungo yana marudio mamia ndani ya saa moja, na mwisho wake kuna chakula. Nyakati za msimu kuwe na wiki chache za kukaza, kisha mapumziko.

Kama una mtu nyumbani, chukua haya. Presha kwanza: mazoezi yote ni kazi bure kama kiharusi cha pili kinakuja, na takwimu za Hai zimekuonyesha jinsi miaka mitatu ya mwanzo ilivyo hatari. Dawa zisikatwe kwa sababu "anajisikia vizuri". Usimwinue kwa kumvuta mkono dhaifu. Bega lake ni rahisi kuumia, na bega linalouma linafunga mkono wote. Usimfunge mkono mzima kwa kamba kwa sababu umesoma habari za Taub, ataanguka. Glavu na ratiba vipangwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Na kama mkono hauna mwendo wowote kabisa, usimwahidi miujiza, lakini kukaa vizuri, kuhama kitandani na kutembea bado vinaweza kuboreshwa.

Kuna swali ambalo familia haiwezi kulijibu peke yake. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Tunapojadili kifurushi kilipe nini, tuulize saa ngapi za utengamao zimo ndani yake, na kama zinakoma mwezi wa sita. Zikikoma hapo, itabidi atuambie sababu ni ya bajeti. Ni sababu inayoweza kujadiliwa. Ila asitumie jina la ubongo.

Maana ubongo wenyewe, tangu 1915, haukuwahi kuweka tarehe ya mwisho.